Kamera Chumbani kwa Mama

4 Machi

Dada,

Hujambo? Mimi mzima. Habari za Mama ndizo ninazozitafuta, na sina wa kunipa. Umenifungia simu. Nikipiga haiiti, nikituma ujumbe haufiki. Imenibidi ninunue bahasha kama watu wa zamani.

Tangu juzi kamera niliyoweka chumbani kwa Mama inanionyesha giza tupu. Si umeme, maana simu yangu inasema mtambo unafanya kazi. Kuna mtu ameifunika. Humo ndani mko wawili tu, na mmoja wenu amepooza upande wa kulia.

Kama umekasirikia ile video niliyoirusha kwenye kundi la familia, kasirika. Nilikuona kwa macho yangu ukimvuta Mama kama mtu anayevuta gunia. Nilipokuuliza ulinijibu kwa mkato, ndipo nikawaonyesha ndugu nao waone. Mgonjwa hana mdomo wa kujitetea. Kamera ndiyo mdomo wake.

Ifunue.

Mdogo wako


13 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata. Sisi wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula, analala, na mdomo anao, tena mkali kuliko wangu. Kiharusi kilichukua mkono na mguu, ulimi kikauacha. Hilo kamera yako haikukwambia, kwa vile haina masikio.

Ndiyo, nimeifunika. Nimeivika soksi, na ya kiume, kubwa.

Sasa kaa chini tuitazame hiyo video yako pamoja. Unaniona nimeinama, nimemshika Mama kwapani, nimekaza. Alikuwa anateleza kwenye kiti cha plastiki. Anateleza kwa nini? Ana sabuni. Ana sabuni kwa nini? Namwogesha humo humo chumbani, maana bafuni hafiki. Na mtu anayeogeshwa, mdogo wangu, huwa amevaa nini?

Uliukodolea macho mkono wangu mpaka hukumwona mama yako. Ukamrusha hivyo hivyo kwenye kundi lenye kaka zetu, mjomba, wake zao, na mume wako. Mkwe! Mjomba akapiga simu kumpa pole: "Dada, nimekuona, umekonda sana." Mama akanigeukia, "Ameniona wapi?" Nikakosa pa kuuweka uso. Mimi ndiye niliyemweleza. Wewe ulikuwa mbali, unatazama.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu moyo unataka.

Video nimeifuta siku hiyo hiyo niliyosoma barua yako. Sikuona, naapa. Nilikuwa kwenye foleni ya choo kazini kabla ya zamu kuanza, kioo cha simu chenyewe kidogo, nikaona mkono wako tu.

Lakini usinigeuze mchawi. Huku ghalani tunakofunga mizigo nina kamera juu ya kichwa kutwa nzima. Nikipiga miayo, msimamizi anajua. Sijafa. Wewe ni nani hata usitazamwe? Tena wewe una Mama mzima, unamshika, unamnusa. Mimi nilikuwa na kidirisha tu. Asubuhi nilikuwa namtazama kwanza akipumua, ndipo nikapata nguvu ya kuvaa viatu. Hicho nacho umekiziba kwa soksi. Una roho ngumu kama kisiki.

Nimeshaongea na yule fundi aliyeifunga. Atakuja Jumamosi kuipandisha juu karibu na dari, mahali ambapo mkono wako haufiki. Ukimzuia, utajibu mbele ya ndugu wote.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Mama yuko hospitali, amevunjika nyonga.

Fundi wako alikuja mimi nikiwa nimetoka kupeleka sare nilizoshona. Mama alisikia mlango akaitikia, akidhani ni jirani. Fundi akapanda ngazi yake, akaitoa soksi, akaipandisha kamera, akaondoka. Niliporudi nikaandaa maji ya kumwogesha. Mama akakataa kuvua.

"Sivui nguo mbele ya watu."

"Mama, tuko wawili tu."

Akanyoosha kidole darini.

Nikatoka kwenda kuazima ngazi kwa majirani ili niishushe. Nyumba ya kwanza hawana, ya pili wakaitafuta. Niliporudi nayo begani, kitanda kitupu. Alikuwa amejikokota mwenyewe hadi bafuni akishika ukuta. Nilimkuta sakafuni, nguo zote mwilini, zimelowa chapachapa.

Kamera ilikuwa nzima. Ilikuwa inatazama kitanda. Wewe ulikuwa wapi?

Unasema umeifuta video. Umeifuta kwako. Binamu bado anayo, aliniambia mwenyewe, na mumeo sijamuuliza. Huo mtambo wako nimeung'oa kwa bisibisi, ukatoka na kipande cha ukuta. Ukija kumwona mgonjwa, uje na saruji.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimerudi huku kazini salama, ingawa hukuuliza. Wiki nzima, tangu Mama atolewe hospitali, nilikaa kwenu tukipishana ukumbini kama wapangaji.

Uliniuliza nilikuwa wapi Mama alipoanguka. Nilikuwa kazini. Simu zetu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Nilishindwa kukwambia usoni, maana najua ungecheka, na ungekuwa na haki ya kucheka.

Kuna jambo hukuliona. Ile siku uliyokwenda kununua uzi, nilichota maji ya uvuguvugu nikamwambia, "Mama, leo nikuogeshe mimi." Akavuta shuka kwa ule mkono wake mmoja, taratibu, mpaka shingoni. Hakufoka. Heri angefoka. Akasema, "Wewe si umeshaniona? Ngoja dada yako." Nikakaa na beseni mapajani hadi maji yakapoa. Nilipoinuka yakamwagika; uliporudi ukakuta sakafu imelowa, ukaniita mzembe. Nikatafuta tambara, nikafuta.

Bado nakulaumu. Ungenieleza mapema kwamba ulikuwa unamwogesha, badala ya kunikatia simu, tusingefika hapa. Lakini mwambie Mama naomba radhi. Mwambie sikuwa na nia mbaya. Nataka kuja tena likizo ijayo, kama mtanipokea.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi tunajikongoja. Mama ameanza kusimama kwa mkongojo mmoja, dakika chache, huku akimtukana daktari.

Lawama zako nimezipokea. Zangu kwako hazijapungua hata chembe, na simu yako sijaifungua.

Ombi lako la radhi sijalifikisha. Mimi si mnara wa simu, wa kupitishiwa maneno ya watu. Mama yupo, na masikio anayo. Kama una neno naye, lilete mwenyewe kwa mdomo wako.

Nilichomwambia ni kwamba unataka kuja. Alikuwa anakula. Akatafuna, akameza, akasema, "Aje. Mtoto hafukuzwi." Nikachukua sahani niondoke. Akanishika nguo. Akasema ana neno, na hilo nimekubali kulipeleka, maana ni lake.

Amesema: ukifika mlangoni kwake, upige hodi. Asipoitikia, usiingie.

Dada yako