Kitenge Kati ya Majoho

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Magu tu wazima. Babu yako naye mzima, ila redio yake imenichosha, na mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wangu wote.

Sasa wewe umenichosha zaidi. Unaniuliza kama ni dhambi kutia maji kwenye maziwa ya kuuza, eti tajiri wako ndiye ameamuru na maduka yote hapo Dodoma yanafanya hivyo. Neema! Ile Biblia niliyokununulia ulipopata kipaimara unaifanyia nini, unaegemezea simu?

Miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja, watu huku wakawa wanamwagia pamba maji na mchanga ili iwe nzito kwenye mizani. Kwaya yetu ilikuwa na shamba la pamba, tukitafuta hela ya majoho. Siku ya kuuza, mwenyekiti akaleta ndoo. Nikasema mimi simwagi.

"Mama Joeli, hii ni kazi ya Bwana!" akanifokea. Wenzangu wakaitikia amina. Amina, mbele ya ndoo ya mchanga!

Wakamwaga, wakauza, wakashona. Langu nililikataa, na kusema kweli nililitamani, maana yalikuwa ya bluu na yalipendeza. Siku ya kupiga picha wakanisukuma pembeni nisiwaharibie.

Ndiyo ile picha ya sebuleni unayoicheka tangu mdogo, ukiuliza kwa nini bibi peke yake amevaa kitenge. Ukija Krismasi iangalie vizuri, halafu uniulize tena habari za maziwa.

Bibi yako, ambaye mpaka leo hana joho.