Kengele Ilivyolia

Igowole, 9 Juni 1956

Kaka Bartholomeo,

Barua yako kutoka Mbeya imenifika. Mama hajambo, ila goti linamsumbua kwa baridi hii. Mahindi tumevuna, ingawa upande wa bondeni nguruwe pori walitutangulia.

Unaniomba nimsimamie Evarista siku ya harusi yenu. Kabla sijajibu, nina neno.

Yule mtafiti Mzungu alipokuja hapa shamba la chai kupima jinsi watu wanavyoona na kuamua, wewe ndiye uliyekuwa karani wake. Alituwashia taa mbili, nasi tukasema ipi ina mwanga mkali zaidi. Ukipatia, kengele inalia. Kwangu ililia mara kumi na nane katika ishirini. Nilihesabu kwa vidole. Evarista alitoka kwenye chumba cha kupimiwa, machozi yakimtiririka, akaniambia, "Dada, yangu imelia mara sita tu."

Juzi msimamizi wa shamba alinisomea karatasi zenu za matokeo. Verediana, sita. Evarista, kumi na nane.

Nikamwambia, "Bwana, hapo pamekosewa."

Akajibu, "Aliyeandika ni kaka yako mwenyewe."

Kwa karatasi hiyo Evarista alipewa kazi ya kuchambua majani ndani ya kiwanda, na mimi napalilia kwenye ukungu tangu asubuhi.

Mama sijamwambia. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, anakusifu kwa majirani. Harusini nitamleta, nami nitakaa naye kwenye benchi. Kumsimamia Evarista sitaweza. Mama akiuliza sababu, utamjibu wewe.

Ni mimi dada yako,
Verediana Kalinga