Nyumba ya Wageni ya Vårby gård

Vårby gård, Jumapili 11 Mei

Mama,

Nina habari njema: mjukuu wako Ineza amefaulu.

Tangu tukuzike alitaka kuacha masomo ya sheria. Alisema wenzake ni watoto wa mawakili na majaji, na ukoo wetu hauna hata karani. Alibakiza mtihani wa kusimama mbele ya darasa na kueleza jinsi uwakili ulivyoanza Japani. Akishindwa, alisema, anakwenda kuuza viatu Vällingby.

Nikamwambia anieleze mimi kwanza, kwa utaratibu wako: unasimama jikoni, sufuria ya maharage imefunikwa, hakuna kula mpaka umalize. Wageni wako wote waliokuwa wakingoja kuhojiwa na idara ya uhamiaji walipitia hapo. "Ukishiba utaanza kunizungushia maneno," uliwaambia. Na Ineza, mtoto mdogo, amevaa miwani yako, ndiye afisa, anawahoji kwa Kiswidi. Siku ile alipomwambia mchungaji mzima arudi kesho, ulicheka mpaka ukakaa chini.

Safari hii miwani niliivaa mimi. Akaeleza kwamba zamani Japani haikuwa na mawakili. Mwanakijiji mwenye kesi mjini alifikia nyumba ya wageni, na mwenye nyumba ndiye aliyemwandikia maombi na kumfundisha taratibu. Wakubwa waliwadharau watu hao. Baadaye serikali mpya ikaiga sheria za Ulaya, ikaruhusu mtu kusemewa mahakamani, ikaweka mitihani. Kazi iliyodharauliwa ikawa taaluma ya heshima.

Hapo akaitazama sufuria.

"Baba, mbona huyu mwenye nyumba ni Bibi?"

Nilifuta miwani yako, ingawa haikuwa na vumbi.

Ijumaa mwalimu alimuuliza kwa nini ameanza na nyumba za wageni badala ya mitihani. Akajibu, "Kwa sababu nimekulia kwenye nyumba kama hiyo." Amenisimulia jibu hilo njia nzima kwenye treni tukirudi nyumbani, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Viatu vya Vällingby havitajwi tena.

Jumamosi anakuja mama mmoja Mkongo kutoka Upplands Väsby, naye anangoja kuhojiwa. Ineza atamsikiliza. Mimi nitapika, na hakuna tena wa kunikataza kuonja. Hilo ndilo linaloniuma.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sufuria haitafunuliwa mpaka mgeni amalize kusema.

Mwanao,
Désiré