Kaka Mbaruku Hakufa na Kiu

Shambani, juu ya Maji ya Chai,
Arusha.

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Barua hii ikufikie imepiga magoti, maana mwenyewe sina ruhusa ya kutoka mpaka wageni wa msimu huu wa joto waondoke. Miguu yako inaendeleaje? Na mkono ule ulioungua kwa mafuta ya maandazi umepona? Mimi kwa mwili sijambo. Moyo nisiuseme, najua na wako uko hivyo hivyo.

Dada Mwanaidi, wewe unayemsomea mama, soma polepole, na uweke kikombe cha maji karibu. Sababu utaiona mbele.

Mama, dada ameniandikia kwamba tangu yule dereva wa lori afike hapo Pangani na kusema Kaka Mbaruku amekufa amefunga, midomo imemkauka, wewe maji huyanywi. Unalowesha ulimi tu, kisha unaweka kikombe chini na kusema, "Mwanangu amekwenda na kiu, mimi yatanishukaje?" Nimeyasoma hayo jikoni, nikalia mpaka maziwa yakafurika na kuzima moto. Mama, yule dereva hakuwapo. Habari aliziokota Usa River kwa watu waliokuja kuzika. Mimi nilikuwapo, na kichwa cha kaka kilikuwa juu ya paja langu. Basi nisikilize mimi.

Lazima nianze na kitu ambacho hapo nyumbani hamjakiona. Jua likiwa kali, Wazungu wa huku hawataki chai wala keki. Wanakaa barazani na kutaka kastadi ya barafu, na fundi wa kastadi ya barafu kuliko wote alikuwa mwanao. Anachukua maziwa, viini vya mayai, sukari na vanila, anakoroga juu ya moto mdogo mpaka uji ule unashika mgongo wa kijiko. Akishaupoza anautia katika mkebe wa bati, na mkebe anauweka ndani ya ndoo ya mbao. Pembeni anapanga mabonge ya barafu, ambayo huletwa na lori kutoka mjini yakiwa ndani ya gunia la unga wa mbao, na juu yake anamwaga chumvi ya mawe. Halafu ni kuzungusha mpini mpaka mkono ufe ganzi. Tulikuwa tunapokezana na mzee Kaaya, Mmeru anayekamua ng'ombe wa hapa, na kila mara alikuwa akituuliza, "Nyie watu wa pwani, sasa maziwa mazuri namna hii mnayatesea nini?"

Ndani ya mkebe kuna mwiko wa mbao unaozunguka. Kastadi ikishaganda, mwiko unavutwa, na kilichoshika juu yake ni haki ya mpishi. Memsahibu anajua, na hajawahi kuuliza. Basi sisi tulikuwa tunakaa kwenye ngazi ya jikoni, yeye analamba upande wake na mimi wangu. Siku yangu ya kwanza nilipiga ukelele, "Kaka, inaunguza!" Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mjinga wewe, hiyo ndiyo baridi yenyewe." Kisha akaniuliza, "Hivi mama angeionja hii, angesemaje?" Nikamjibu, "Angesema imepungua hiliki." Basi huo ukawa mchezo wetu. Kila tukilamba mwiko, mmoja lazima aseme imepungua hiliki. Na kila mara alitaka kukuletea. Nikamwambia, hata Moshi haifiki, utampelekea mama maziwa ya moto. Siku ile nilijuta kumwambia.

Jambo jingine la kukueleza ni jua la huku. Shamba liko upande wa mashariki wa Mlima Meru, na mlima unalimeza jua mapema, mbingu ikiwa bado nyeupe. Ramadhani yangu ya kwanza nililiona limepotea, nikashika tende nikafuturu kwa raha zangu. Kaka akanikuta ninatafuna. "Umefuturu kwa mlima!" akasema. "Huo mlima ni pazia tu. Sisi hapa tunafuata jua la mama, lile la Pangani." Tangu hapo, jioni tulikuwa tunakaa nje tunabishana. Mimi nasema jua la mama limezama, yeye anasema bado, mama bado anapepea moto wa uji. Hakukubali hata mara moja kufuturu kwa mlima. Unamjua kichwa chake.

Ramadhani hii iliyopita ikamkuta na homa ya kifua. Mwalimu wa dini wa Usa River alikuja akamwambia mgonjwa hana saumu, ale. Lakini chakula kikawa hakipiti. Uji unarudi, maji yanamkwama na kumtia kikohozi mpaka anageuka rangi. Siku ile ya mwisho asubuhi akaniambia, "Hamisi, kama siwezi kula, bora nihesabiwe nimefunga." Nikamsihi sana. Akageukia ukutani. Kwa hiyo dereva hakudanganya yote, mama. Kaka alitia nia ya kufunga, na midomo ilimkauka kweli.

Alasiri ile kulikuwa na wageni, nami nilikuwa nimeshika kazi yake. Nilizungusha kastadi huku sioni ninachokifanya. Mwezi wa Ramadhani mwiko huwa tunampa mzee Kaaya, maana yeye ni Mlutheri, na kastadi haiwezi kungoja magharibi. Nikampa. Akausukuma nyuma. "Peleka kwa kaka yako. Mimi leo hainipiti." Nikauweka mwiko kwenye bakuli, nikaufunika, nikazungushia barafu iliyobaki, nikakimbia nao chumbani kwetu.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Mbingu ilikuwa nyeupe, kuku bado wanachakura uani. Nikamwinua kichwa, nikamwambia, "Kaka, leo usinibishie."

Akauliza, "Ni kastadi?"

"Kastadi. Iko kwenye mwiko wake."

"Inayeyuka?"

"Inayeyuka, kaka."

Akautazama mlima kupitia mlangoni. Mimi nikajua sasa ataniambia ni pazia tu, na sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Akasema, "Kwa mama jua limezama. Anafuturu sasa hivi. Anapuliza uji." Kisha akasema bismillahi akafungua kinywa.

Mama, ilipita. Maji yalikuwa yanamkwama siku zote zile, lakini kile kitu cha baridi kilimteleza kooni bila kikohozi, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetua mzigo. Alilamba upande wake wote. Alipomaliza akauonyesha ule mwingine kwa kidole, yaani huo ni wako. Nikamwambia nimefunga. Ukayeyuka ndani ya bakuli, nikamnywesha kwa kijiko mpaka mwisho. Akalamba midomo, ikawa inang'aa kwa utamu. Akaniangalia, akasema, "Imepungua hiliki."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya dunia hii. Baadaye nilimtamkisha shahada na ulimi wake ukafuata mpaka mwisho. Kabla ya isha alikuwa ameshatutoka. Tulimzika Usa River, Waislamu walijaa, na mzee Kaaya alishika jembe akakataa kulitoa mpaka udongo ulipokwisha.

Memsahibu alinipa pole, kisha akaniuliza kama nitaiweza kastadi peke yangu. Naiweza. Kaka alinifundisha vizuri mno. Lakini mwiko ukitoka mkebeni sijui niufanye nini. Nakaa kwenye ngazi ile ile, nalamba upande mmoja, na ule mwingine nauacha unadondoka chini. Natamani sana kurudi nyumbani, mama. Huku nimekuwa mgeni upya.

Nisalimie mjomba mwenye duka la kamba, na mwambie dua alizosoma nimesikia. Shangazi anayeshona kofia nampa shikamoo, ile kofia aliyomshonea kaka ninayo mimi. Bibi wa jirani asiyesikia vizuri asomewe kwa sauti ya juu. Shemeji, mume wa dada, simdai barua, najua ndiye anayekubeba kwenda kwa mganga wa miguu. Watoto wa dada wote wapigwe busu na waambiwe mjomba wao Mbaruku alikuwa anajua kugandisha maziwa.

Sasa, Dada Mwanaidi, simama. Usisome tena. Mpe mama kikombe mkononi.

Mama, jioni ile ulipopuliza uji wako wa futari na kuunywa, mwanao naye alikuwa anafuturu. Alikungoja wewe, hakuungoja mlima. Mlifuturu pamoja, na aliondoka na utamu mdomoni. Kunywa, mama. Ijumaa nitakwenda Usa River kaburini kumwambia kaka kwamba mama amekunywa maji. Usinifanye muongo mbele yake.

Mimi mwanao niliyebaki huku,
Hamisi