Tangawizi Tuliyoimenya kwa Heshima

Jumamosi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nepi hazikauki.

Nisamehe, shajara yangu ya mtandaoni, nimekutupa. Tangu mtoto aanze kuota meno sijakaa nikaandika. Hata sasa yuko mgongoni, nachapa kwa kidole kimoja.

Ila ya leo siwezi kulala nayo.

Kikundi chetu cha akina mama tunatoa mafuta ya tangawizi kwa mvuke. Mnunuzi anataka kwanza ajue yana nini ndani. Yakionekana dhaifu, tangawizi yetu itapanda lori pale Hedaru ikiwa mbichi, kwa bei ya kutupa, kama miaka yote. Basi tulimtumia chupa wifi yangu Neema, anayesoma kemia Morogoro.

Majibu yakaja mabaya. Akaniuliza tuliandaaje. Nikamweleza kwa fahari: Mama mkwe, mwenyekiti wetu, alitukalisha tukamenya kila kipande kikawa cheupe, maana kitu cha mgeni hakipelekwi na maganda. Maganda yote tukawapa mbuzi wake.

Neema alicheka mpaka akakohoa. "Wifi, mafuta mengi yako hapo hapo chini ya ganda. Mbuzi wa Mama wananukia kuliko hii chupa."

Kumwambia Mama ikawa kazi yangu. Nilimwamkia, nikammiminia chai, nikasema wazi: safari hii tunaosha, hatumenyi. Alinuna. Jioni nikamkuta anasugua tangawizi kwa brashi, polepole, kama anavyomwogesha mjukuu wake. Tukachemsha upya, tukatuma chupa ya pili.

Leo Neema ametuma video. Vichupa viwili vya dawa ya kupimia, yenye rangi ya zambarau. Anadondoshea mafuta ya kwanza: rangi inapauka kidogo tu. Anadondoshea ya pili: inafifia, inafifia, inabaki njano. Anasema hiyo ndiyo antioksidanti, nguvu inayozuia chakula kuchacha.

Harufu niliyokua nayo, kumbe inafanya kazi!

Mama anachukua simu. Anarudisha video mwanzo.

Mnunuzi naye ameiona, amekubali kusubiri. Bado kipimo cha mwisho, cha mtambo wa chuoni unaotenganisha kemikali za mafuta moja moja. Neema anazitaja kama majina ya shangazi zake.

Wifi, najua unasoma hapa. Tutumie kwa basi, tutapokea Same: chupa za kioo cha kahawia zenye vifuniko vya kubana, karatasi za kuchujia, lebo zisizofutika kwa maji, brashi laini mbili. Na vile visu vya kumenyea alivyokuagiza Mama, amesema viache huko huko.