Kaseti Iliyokuwa na Sauti ya Seif

Hadija,

Salamu zako utazikuta mbele, kwanza nikuseme. Nani alikutuma kurekodi harusi ya Zuhura juu ya kaseti yangu? Vile vijino vya nyuma nilivivunja mwenyewe kwa kisu, ili mtu asirekodi juu yake. Ninyi mkatafuna karatasi, mkaziba matundu. Halafu juzi kwenye simu unaniambia huku unacheka, "Dada, siku zile kaseti zilikuwa adimu." Mbona taarabu zako hukuzigusa?

Haya, hujambo? Miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, magoti tu. Naandika kwa mkono wangu. Mjukuu alitaka kuniandikia nikamkatalia. Darasa la nne nililosoma linatosha kukugombeza.

Nyumba yetu ya zamani, ile ya mtaa wa Najma, imebomolewa. Mwanangu Rukia, ninayekaa naye huku ughaibuni, mtaa wa Mansoura, alinipeleka Ijumaa nikaione. Nimekuta mabati yamezungushwa, ndani shimo. Nimesimama pale nashindwa hata kusema jiko lilikuwa wapi. Rukia ananiambia, "Mama twende, jua kali." Ananifundisha jua la huku, mimi.

Tulipohamia pale na marehemu shemeji yako, nyuma ya nyumba ilikuwa mchanga mtupu. Bomba hakuna. Maji yalikuja kwa lori, na dereva wa lori ni yeye, basi mtaa mzima ukampenda na mimi nikavimba kichwa. Joto likizidi tunalala juu ya paa, mashuka tumeyalowesha. Alfajiri yamekauka, yamejaa vumbi, nayakung'uta na watoto wamo ndani. Rukia analia, Seif anacheka.

Mama hakujua kusoma, ndiyo maana nikawa namtumia sauti. Siku ile nilimkalisha Seif mbele ya redio ya kaseti, nikamwambia msalimie bibi. Akasema, "Shikamoo bibi. Huku maji analeta baba." Mara lori likapiga honi, geti likalia, akaniacha na redio yangu akakimbia. Baba yake anasikika uani, "Nani kamwaga mtama wa kuku?" Basi, ni hayo tu. Homa ilimchukua Seif hata miaka sita hajatimiza, nikamzika huku. Picha yake ninayo, lakini picha haisemi. Kaseti nilimwachia Mama kwa kuwa kwa Mama hakipotei kitu. Alipofariki ningekuja kuichukua, sikuja, hilo kosa langu. Nilisahau kwamba kasha lake utalirithi wewe.

Unasema harusi haikujaza upande wote, huenda mwishoni kumebaki kitu. Sitegemei. Seif alisema mwanzo, na mwanzo ndio mliofuta. Labda limebaki geti. Labda mtama wa kuku.

Msalimie mumeo, na shangazi yetu wa Pongwe kama bado anasikia. Zuhura mwambie simlaumu, yeye alikuwa bibi harusi, amefunikwa ushungi, angeona nini. Mumewe Hamisi likizo yake inaisha, mwezi ujao anarudi kazini kwake hotelini huku.

Mimi dada yako,
Mwanahawa

Kaseti usiipige hata kidogo, redio yako inakula utepe. Ifunge kwenye kanga safi, mpe Hamisi, na asiitie kwenye begi. Aishike mkononi njia nzima.