Hundi ya Makoye na Maksai Aliyebaki

S.L.P. 57,
Mpanda,
Rukwa.
17 Novemba, 1996.

Mpendwa mdogo wangu Christina,

Habari za Tanga, na habari za kazi? Kifua cha Celestin kimepoa? Mwezi wa tisa uliandika kwamba mtoto anakohoa sana, halafu hukusema tena kama amepona. Usituache hivyo. Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua anatembea kama kawaida. Mimi nimepungua kilo tatu, na Mama amekwisha amua kwamba ni adhabu ya kula mikate ya dukani badala ya ugali wake.

Barua yako ya tarehe 28 Oktoba ilifika na treni ya juzi. Umeuliza kama ni kweli shemeji Makoye amefungwa na ng'ombe wa Kakese wote wamechukuliwa na wakusanya madeni. Si kweli. Hajalala rumande hata siku moja, na ng'ombe aliyeondoka ni mmoja, naye aliuzwa na mwenyewe. Lakini hayo maneno hayakuzuka tu. Nakuandikia yote kama yalivyokwenda, maana kuna jambo ambalo jibu lake unalo wewe.

Mwezi wa nane Makoye aliuza ng'ombe mnadani, akaogopa kukaa na pesa nyumbani, akafungua akaunti. Benki wakampa kitabu cha hundi. Mwezi wa tisa alikwenda kwa Gaudensi, yule mwenye duka la vifaa karibu na soko, akachukua plau mpya, mnyororo na mbegu. Akaandika hundi ya shilingi laki moja na ishirini elfu. Benki alikuwa na elfu sabini.

Hakukusudia kumwibia mtu. Alimwambia Gaudensi kwamba pesa za mpunga zikiingia atamtumia habari. Kwa wafugaji kama yeye, mtu akikuahidi ndama hukamati kamba siku hiyo hiyo. Unangoja mpaka uitwe. Makoye alidhani hundi nayo ni hivyo, ahadi iliyotiwa saini. Kesho yake saa tatu Gaudensi alikuwa dirishani benki.

Nilipomwuliza kwa nini hakungoja, Gaudensi aliniangalia kana kwamba mimi ni mgonjwa. "Mwalimu, hundi ni pesa. Nikishapewa pesa nangoja nini, ziote?" Ananiita mwalimu mpaka leo, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba mimi ni mwandishi wa gazeti tu.

Hundi ikarudi. Benki wakamkata Makoye elfu tatu kwa hundi kurudi. Wiki iliyofuata Gaudensi akaipeleka tena, ikarudi tena, zikakatwa elfu tatu nyingine. Makoye hakuwa na habari, kwa sababu barua za benki zilikuwa zinakaa parokiani zikingoja mtu wa Kakese azipitie. Ndipo mnunuzi wa mpunga akaingiza elfu hamsini na tano, kama alivyoahidi. Fanya hesabu mwenyewe. Isingekuwa hizo elfu sita za adhabu, pesa zingetosha na kubaki. Sasa zilikuwa laki moja na kumi na tisa elfu. Gaudensi alipoipeleka mara ya tatu, hundi ilirudi kwa upungufu wa shilingi elfu moja, na zikakatwa elfu tatu nyingine.

Hapo ndipo Makoye aliposikia. Alikuja kwangu amekunja uso, akasema benki ni fisi, kila siku inakula kidogo. Sikuwa na haraka ya kumbishia. Ilinipasa niwe na haraka ya kumzuia, maana kutoka kwangu alikwenda kutoa pesa zote, akamlipia binti yao Lucia ada ya sekondari, elfu themanini. Zikabaki elfu thelathini na sita. Kosa hilo nalihesabu na kwangu pia.

Gaudensi naye alichoka. Akaikabidhi hundi kwa kampuni moja ya Tabora inayokusanya madeni. Wakamtuma kijana wao anaitwa Anicet, ana kalamu tatu mfukoni na barua yenye mhuri. Barua ilidai laki moja na sitini elfu: elfu arobaini ni gharama za ufuatiliaji. Ilisema asipolipa kwa siku saba, mali yake itakamatwa na yeye atafikishwa polisi. Dada yetu Eufrazia aliniita nikafika kwake na mumewe Kakese Jumamosi asubuhi, nikamkuta Anicet kwenye zizi anaorodhesha ng'ombe.

"Hawa kumi na saba wote ni wako?"

"Wako kwangu," Makoye akasema. "Si wangu."

"Yule mwekundu?"

"Wa Ezekia wa Mamba."

"Mwenye pembe iliyovunjika?"

"Wa mke wa Ezekia."

"Na yule mweupe na dume lake?"

"Wa shemeji yangu Christina. Yuko Tanga."

Anicet akafunga daftari. "Mzee, katika zizi hili cha kwako ni nini? Au na wewe kuna mtu amekuweka?"

"Nimemweka mimi," akadakia Eufrazia kutoka jikoni. "Mwandike, labda Tabora watamnunua."

Hata Makoye alicheka. Lakini alikuwa anasema kweli, na wewe unajua. Ng'ombe kumi na watatu waliwekwa kwake na watu. Yeye anakamua maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe na uzao wake. Wake mwenyewe walikuwa wanne: maksai wawili wa kulimia, jike moja linalonyonyesha, na ndama wake. Anicet hakuamini, akaandika wote kumi na saba. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi uliokufikia Tanga.

Nilimwomba anionyeshe amri ya mahakama. Hakuwa nayo. Nikamwomba karatasi ambayo Makoye alisaini kukubali hizo elfu arobaini. Haikuwapo pia, aliyesaini na kampuni ni Gaudensi. Jumatatu nilikwenda kumwuliza karani wa mahakama kama kuna kesi yoyote yenye jina la Makoye, akaniambia hakuna. Kwa hiyo tukamwacha Anicet nyumba ya wageni na barua yake, tukaenda sisi wawili kwa Gaudensi, uso kwa uso, jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwezi wa tisa.

Gaudensi alifoka kwa robo saa, na haki ya kufoka alikuwa nayo. Kisha akataja anachotaka: laki na ishirini zake, na elfu tatu ambazo benki ilimkata yeye. Hayo ni ya haki. Elfu arobaini akakubali ni mambo yake na kampuni yake. Akatoa masharti: pesa taslimu, siku tatu, "na shemeji yako asinioneshe tena karatasi."

Ukitoa zile thelathini na sita alizobaki nazo Makoye, zilipungua elfu themanini na saba. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alimwambia Makoye njia rahisi: auze dume la Christina, ni nono, mwenyewe yuko mbali, atamlipa mwakani. Nilikuwepo. Makoye alimjibu maneno mawili, "Si wangu," akaenda kumfungua maksai wake wa mkono wa kulia, yule aliyemfundisha mwenyewe tangu ndama. Alipata elfu themanini na nane. Gaudensi alilipwa mbele yangu, akatoa risiti, akarudisha hundi yenye mihuri mitatu ya kukataliwa. Tuliichana pale pale. Anicet aliondoka na treni ya Ijumaa akiwa na nauli aliyopewa na Gaudensi, na dagaa alizofungiwa na Eufrazia.

Sasa, mdogo wangu, deni limekwisha, lakini plau iko na maksai ni mmoja. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Kwa plau wangelima ekari sita. Kwa jembe la mkono, yeye na Eufrazia, ni mbili, na ada ya Lucia ya mwakani inatoka humo. Dume lako lilihasiwa mwaka jana na lina nguvu. Makoye hajaniomba nikuandikie. Nilipoligusia jambo hili alitoka nje. Anayeomba ni Eufrazia, nami naungana naye: ukubali dume lako lifungwe nira msimu huu. Ukikataa hakuna atakayekulaumu. Ukikubali, piga simu ya maandishi posta, neno moja "Ndiyo" linatosha, nami nitapanda baiskeli kwenda Kakese siku hiyo hiyo. Makoye amemwambia Eufrazia hatalishika shingo kabla hujasema.

Mama anakusalimu, na Lucia, na mzee Damiano wa jirani ambaye bado anauliza lini utaolewa tena. Mbusu Celestin. Mungu awalinde nyie wawili, awape mvua ya kutosha na kikohozi kidogo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Benedikto